Koneka za duara za maiki ya redio: namna ya kupata zilizo imara na kuzifunga zidumu

Maiki ya redio koli inapoanza kukatakata sauti, mara nyingi ubovu hauko kwenye maiki wala kwenye redio. Uko katikati, kwenye koneka ya duara yenye pini nne, sita au nane, ile inayokazwa kwa kuzungusha pete. Watu hubadilisha kapsuli (kipande cha ndani kinachopokea sauti), wakabadilisha waya, wakaishia kununua maiki nyingine, na tatizo likabaki palepale kwa sababu soketi ya kwenye redio ni ileile iliyolegea.

Ukienda kuulizia koneka dukani, jambo la kwanza utakaloambiwa ni ampea: hii inabeba tano, ile inabeba saba. Kwa maiki, namba hiyo haikuambii lolote la maana. Sauti inayotoka kwenye maiki ni milivolti chache tu, na mkondo wake ni mdogo mno. Metali nyingi zikikaa hewani hujifunika utando mwembamba wa oksidi. Volti 12 zenye mkondo wa kutosha huupasua utando huo bila shida. Milivolti hazina nguvu hiyo. Ndiyo maana koneka moja inaweza kuwasha taa miaka mingi na bado ikashindwa kupitisha sauti ya maiki. Unapotafuta koneka ya maiki, tazama mambo matatu: mpako wa pini, mkazo wa matundu, na jinsi plagi inavyokaa ndani ya soketi bila kucheza.

Ijue familia yake kwanza

Koneka nyingi za duara zinazopatikana kwa bei nafuu ni za familia ya GX kutoka China: GX12, GX16 na GX20. Namba ni kipenyo cha tundu la paneli kwa milimita. Maiki za redio za mezani za Icom, Kenwood na Yaesu zenye pini nane za duara, pamoja na redio za CB (redio za mawasiliano ya raia, maarufu kwa madereva) zenye pini nne, hutumia ukubwa unaokaribiana na GX16, na GX16 nyingi huingia vizuri. Nasema nyingi, kwa sababu viwanda vinavyotengeneza GX ni vingi na vipimo vyao havilingani. Nunua moja, ijaribu kwenye redio yenyewe, ndipo uagize kumi.

Mtandaoni utazikuta zikiuzwa kwa jina la plagi za ndege. Jina hilo lisikupe imani yoyote. Koneka halisi za ndege na jeshi zina viwango vyake, kama MIL-DTL-26482 na MIL-DTL-38999, na bei yake iko mbali kabisa na ya GX.

Mtego mwingine ni M16. Kampuni ya Binder ya Ujerumani na nyingine za Ulaya hutengeneza koneka nzuri sana za M16 zinazofuata kiwango cha IEC 61076-2-106. Hizo haziingiliani na GX16. Meno ya pete ya M16 hiyo yana umbali wa milimita 0.75 kutoka jino hadi jino. Ya GX16 yana milimita 1, na hata mpangilio wa pini ni tofauti. Kuzitofautisha ni rahisi: pima nafasi tano kutoka jino hadi jino kwa kalipa. Ukipata milimita 5, ni GX, ukipata 3.75, ni ile nyingine. Anayelazimisha pete ya moja kwenye soketi ya nyingine huharibu meno ya redio, na soketi ya redio ndiyo ngumu zaidi kuibadilisha.

Maiki zisizo na waya za jukwaani na za televisheni ni ulimwengu wake. Visambazaji vya kiunoni vya Shure hutumia XLR ndogo (XLR ni koneka ya duara ya kawaida ya maiki za jukwaani) ya pini nne inayoitwa TA4F, vya AKG hutumia TA3F ya pini tatu, na vya Lectrosonics TA5F ya pini tano. Asili ya namba hizo za TA ni Switchcraft ya Marekani. Vingi vya Audio-Technica vilitumia Hirose ya pini nne, na visambazaji vya juu vya Sennheiser hutumia Lemo ndogo ya pini tatu. Hizi si za kubahatisha: tafuta namba kamili ya kipande, kisha nunua kwa namba hiyo.

Kusoma namba ya kipande

Kwa koneka za kampuni zenye jina, namba ya kipande ndiyo mkataba wako na muuzaji. Chukua Lemo hii: FGG.0B.305.CLAD52Z. FG ni plagi iliyonyooka ya kwenye waya, na G inayofuata ni mkao wa ufunguo, yaani ukingo unaofanya plagi iingie kwa upande mmoja tu. 0B ni ukubwa wa familia. 305 ina maana ya miguso mitano, yaani pini au matundu. C ni ganda la shaba ya njano lililopakwa kromu, L ni kihami cha plastiki ya PEEK, A ni pini za kulehemu. D ni aina ya kibano cha waya, na 52 ni unene wa waya kinaoubana, hadi milimita 5.2. Z mwishoni inasema nati ya nyuma imeandaliwa kupokea mpira wa kuzuia waya usikunjike, na mpira wenyewe unaagizwa peke yake. Watu wengi hukosea kwenye 52: wana waya wa milimita 3, wanaagiza kibano cha 5.2, kisha waya unateleza na kuning'inia kwenye nyuzi zilizolehemiwa.

Hirose nao wana mtindo wao. Katika HR10A-7P-4S, 7 ni ukubwa wa ganda, P ya kwanza ni plagi, 4 ni idadi ya miguso, na S ya mwisho ina maana miguso ni matundu. Ingekuwa pini, mwisho ungekuwa P. Herufi hizo mbili zinakuondolea mabishano yanayopoteza fedha nyingi katika biashara hii: dume na jike.

Mabishano hayo yapo kwa sababu wengine huita koneka dume kwa kuangalia ganda, wengine kwa kuangalia pini za ndani. Usiagize kwa neno dume au jike peke yake. Andika hivi: "plagi ya kwenye waya, yenye matundu" au "soketi ya paneli, yenye pini". Kwenye redio za mezani, pini ziko kwenye paneli ya redio na matundu yako kwenye plagi ya maiki. Seti ya kawaida ya GX16 imepangwa hivyohivyo, kwa hiyo kwa maiki inafaa. Lakini ukiitumia seti hiyohiyo kutolea umeme kwenye kifaa ulichotengeneza mwenyewe, pini zenye moto zitabaki wazi kwenye paneli na kipande chochote cha chuma kitaziunganisha. Kwa kazi hiyo tafuta seti iliyogeuzwa. Na kwa umeme wa volti 230 usiitumie GX kabisa, hata muuzaji akikuonyesha imeandikwa hivyo. Ganda ni la metali, na nafasi kati ya pini na ganda ni ndogo.

Kukagua ukiwa dukani

Luthuli Avenue Nairobi au Kariakoo Dar es Salaam, koneka hizi mara nyingi hutolewa kwenye boksi lililochanganya bidhaa za viwanda tofauti. Beba sumaku ndogo, kalipa, bisibisi nyembamba, na soketi moja unayoiamini.

Pitisha sumaku kwenye pini. Shaba ya njano hainaswi, na mpako mwembamba wa nikeli mvuto wake hausikiki kwa sumaku ndogo. Pini ikinasa kabisa, ndani ni chuma, na kwa Mombasa, Tanga au Unguja hiyo itaota kutu mapema kwa chumvi ya hewani. Kisha kwaruza kidogo upande wa ndani wa pete, mahali pasipoonekana. Ukiona rangi ya njano, ni shaba. Ukiona kijivu kilichofifia, ni aloi ya zinki. Pete ya zinki hufanya kazi, ila meno yake huisha haraka kwa maiki inayochomekwa na kuchomolewa kila siku.

Angalia matundu ya plagi kwa mwanga wa simu. Tundu zuri ni mrija uliopasuliwa, kingo zake zikiwa zimesogeleana kidogo mdomoni. Tundu baya ni bati lililokunjwa, au mrija uliopanuka hata kabla ya kutumika. Toa pini moja kwenye soketi mbovu uifanye kipimo chako: iingize kwenye kila tundu, kisha igeuze plagi iangalie chini. Pini isianguke yenyewe. Tundu moja likiiachia, rudisha plagi hiyo na uchukue nyingine, kwa sababu tundu hilohilo linaweza kuwa la sauti.

Halafu ichomeke plagi kwenye soketi yako bila kukaza pete, uitikise. Mchezo kidogo ni wa kawaida. Ikizunguka huku na huku, mfereji wa ufunguo ni mpana kupita kiasi na pini zitakuwa zikisagana kila mtu anapovuta waya. Msuguano huo mdogo wa kurudiarudia huzalisha vumbi la oksidi kwenye mguso, na ndio chanzo kikubwa cha maiki zinazokwaruza.

Kuhusu mpako, kwa maiki dhahabu ni bora, fedha inafuata, nikeli ni ya mwisho. Fedha hugeuka nyeusi, lakini weusi wake hufutika plagi inapochomekwa na kuchomolewa. Tahadhari na rangi ya dhahabu: koneka za bei ya chini hupakwa dhahabu nyembamba mno inayotoka baada ya kuchomekwa mara chache, wakati kampuni nzuri huandika unene wake kwenye karatasi ya vipimo, kwa mfano mikromita 0.76. Pasipoandikwa unene, hesabu kwamba dhahabu hiyo ni ya kupendezesha macho. Usioanishe pini zilizopakwa dhahabu na matundu yaliyopakwa bati. Nunua plagi na soketi za kiwanda kimoja na mpako mmoja, na kama mfuko wako unaruhusu, badilisha zote mbili kwa pamoja.

Kuagiza kutoka nje

DigiKey na Mouser za Marekani, RS na Farnell za Uingereza, wote huuza kipande kimoja kimoja, na karatasi ya vipimo iko palepale. Gharama inayouma ni usafiri, kwa hiyo kusanya mahitaji ya miezi kadhaa au ungana na mafundi wenzako. Kwenye masoko ya jumla ya China bei ni ndogo sana, ila hujui kiwanda, na mzigo wa pili unaweza usifanane na wa kwanza. Ukipata muuzaji mwenye mzigo mzuri, nunua akiba ya kutosha kutoka mzigo huohuo. Kwa redio kumi, agiza plagi kumi na tano na soketi kumi na mbili. Plagi ndizo zinazokanyagwa na kuvutwa.

Kwenye forodha, plagi na soketi za volti zisizozidi 1000 huingia chini ya kifungu cha 8536.69. Mwombe muuzaji aandike hivyo kwenye ankara, pamoja na maelezo ya kweli. Ankara iliyoandikwa vipuri vya elektroniki tu huchelewesha mzigo. VAT ni asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara, na huhesabiwa juu ya jumla yenye usafiri ndani yake, kwa hiyo koneka ya bei ndogo iliyosafirishwa kwa bei kubwa inaishia kuwa ghali.

Pini zinafanana, nyaya hazifanani

Hapa ndipo redio zinapoungua. Koneka ya pini nane ya Icom, Kenwood na Yaesu inachomekana vizuri kabisa kutoka moja kwenda nyingine, lakini mpangilio wa kila kampuni ni wake. Kwa redio zao za mezani zenye koneka ya duara, mpangilio wa kawaida ni huu:

Icom: 1 maiki, 2 volti 8, 3 kupandisha na kushusha masafa, 4 skwelchi (kinyamazisha mvumo), 5 kitufe cha kuongea, 6 ardhi (waya wa sifuri) ya kitufe, 7 ardhi ya maiki, 8 sauti inayotoka kwenye redio.

Kenwood: 1 maiki, 2 kitufe cha kuongea, 3 kushusha, 4 kupandisha, 5 volti 8, 6 tupu kwenye redio nyingi, 7 ardhi ya maiki, 8 ardhi.

Yaesu: 1 kupandisha, 2 volti 5, 3 kushusha, 4 kasi, 5 ardhi, 6 kitufe cha kuongea, 7 ardhi ya maiki, 8 maiki.

Fuatilia kinachotokea ukichomeka maiki ya Kenwood kwenye Icom. Kitufe cha Kenwood huunganisha pini 2 na 8. Kwenye Icom, pini 2 ni volti 8 na pini 8 ni njia ya kutolea sauti, kwa hiyo kila ukibonyeza unasukuma umeme mahali pasipotakiwa. Maiki ya Yaesu kwenye Icom ina udanganyifu wake: kitufe kiko kati ya 5 na 6 kwa zote mbili, redio inaingia hewani vizuri, taa inawaka, lakini sauti haiendi popote, kwa kuwa maiki iko kwenye pini 8. Ukikutana na redio inayorusha bila sauti, uliza kwanza maiki hiyo ilitoka wapi.

Pini 1 ya Icom pia ina umeme mdogo wa kulisha maiki za elektreti (zile ndogo zinazohitaji umeme ili zifanye kazi). Ukifunga maiki ya koili, weka kapasita ya mikrofaradi 1 hadi 10 mfululizo na pini hiyo, upande chanya ukielekea redio, ili umeme usipite kwenye koili.

CB za pini nne za Cobra na Uniden hutumia 1 ardhi na ngao (wavu wa metali unaozunguka waya wa sauti), 2 sauti, 3 kurusha, 4 kupokea. Kampuni nyingine zina mipangilio yao, na hata ndani ya kampuni moja modeli hutofautiana. Kitabu cha redio yako ndicho chenye neno la mwisho.

Mchoro wa kitabu kwa kawaida huonyesha soketi ukiwa umeikabili redio. Huo ni mpangilio uleule utakaouona ukitazama plagi ya waya kwa nyuma, upande wa kulehemu. Ukiitazama plagi kwa mbele, kila kitu kimegeuka kama kwenye kioo. Soma namba zilizochongwa kwenye kihami. Ni ndogo, piga picha kwa simu na uikuze.

Kulehemu

Kabla ya lolote, vusha pete, ganda na mipira inayosinyaa kwa joto kwenye waya. Kisha chomeka plagi kwenye soketi mbovu uliyoibana kwenye kibano cha meza. Soketi hiyo inashika pini zisiegemee kihami kikilainika, na inanyonya joto lililozidi. Kwenye koneka za bei nafuu, kihami kikiyeyuka kidogo tu, pini huinama na plagi haitaingia tena.

Chuma cha kulehemu kiwe na ncha nyembamba, nyuzi joto 330 hadi 350 za Selsiasi kwa risasi ya kulehemu ya 60/40 au 63/37 (sehemu za bati kwa za risasi) yenye unene wa milimita 0.5 hadi 0.8. Jaza kikombe cha pini risasi hadi nusu, paka risasi ncha ya waya, kisha vikutanishe kwa sekunde mbili au tatu. Anza na pini ya katikati, yaani ya 8, maliza na za pembeni. Acha milimita 2 tu za waya zisizo na kihami, na kila pini ivae mpira wake.

Waya wa maiki uliojikunja kama springi una tatizo lake. Ndani yake mara nyingi nyuzi si shaba ya kawaida bali ni utepe mwembamba wa shaba uliozungushiwa uzi wa nguo. Ukiuweka moto muda mrefu, uzi unaungua na utepe unakatika. Zungushia uzi mmoja mwembamba wa shaba safi mara tano au sita juu yake, paka fluksi (dawa inayosaidia risasi ishike), na upake risasi kwa mguso mmoja wa haraka.

Ngao isiachwe ikielea. Iunganishe na ardhi ya maiki, pini 7 kwenye hizi za pini nane, na usiichanganye na waya wa ardhi ya kitufe isipokuwa kitabu kinasema hivyo. Kwenye redio ya HF (ya masafa ya mbali) yenye wati 100, ngao iliyokatika hurudisha mawimbi ya antena kwenye maiki, na sauti inakuwa na mvumo au mkwaruzo unapoongea tu.

Mwisho kibano. Kikaze juu ya ganda la nje la waya, kisigusane na nyuzi za ndani. Waya ukiwa mwembamba, vika tabaka mbili au tatu za mpira unaosinyaa mpaka kibano kishike vizuri. Vuta waya kwa nguvu ya kawaida ya mkono: usisogee hata kidogo.

Kupima

Kabla ya kuchomeka kwenye redio, weka mita kwenye omu kubwa na upime kila pini dhidi ya nyingine zote na dhidi ya ganda. Kisha bonyeza kitufe na uone pini mbili zilizotarajiwa tu ndizo zinazoungana.

Mguso wenyewe hauwezi kupimwa kwa omu za mita ya kawaida, kwa sababu nyaya za mita peke yake zina sehemu ya kumi ya omu au zaidi. Tumia chanzo cha umeme kinachoweza kubanwa kwenye ampea 1, pitisha mkondo huo kwenye pini na tundu lake, na upime milivolti moja kwa moja juu ya mguso. Milivolti 10 kwa ampea 1 ni miliomu 10. Koneka nzuri hukaa hapo au chini yake. Lakini tikisa plagi huku ukitazama mita. Namba inayorukaruka ni mbaya kuliko namba kubwa iliyotulia, hata kama kiwango chake cha chini kinapendeza. Kipimo hiki kifanyike kwenye koneka pekee, kabla haijaungwa na maiki.

Baada ya hapo, kazi inayobaki ni usafi. Pwani na kwenye boti, fungua koneka kila baada ya miezi michache, pulizia kisafisha mguso cha elektroniki, chomeka na kuchomoa mara kadhaa, acha ikauke. Msasa usiguse pini zilizopakwa dhahabu. Mafuta ya kulegeza nati zilizokwama nayo yasitumike hapa, yanashika vumbi. Soketi ya redio isiyo na maiki ifunikwe kifuniko cha mpira, na pete ikazwe kwa vidole tu. Koleo huivunja pete ya zinki na kuipindisha ya shaba.